Maji Bado Hayajakolea

Ijumaa, 1 Novemba 2013

Leo nimepandishwa cheo. Bado hajui mtu ila mimi.

Mambo yalikuwa hivi. Asubuhi, kabla sijaenda kanisani (hapa Doha ibada ni Ijumaa), Bu Nasir, mwenye nyumba, ambaye wafanyakazi wote tunamwita Baba, alituita nyuma ya nyumba. Tulikuwa watatu: mimi dereva, Kiprop mtunza bustani, na dada Rael wa jikoni. Mafundi wamemaliza bwawa. La saruji, vigae vya buluu pande zote, urefu wa magari mawili, kina hadi kiunoni, na mawe ya kuteremshia maji upande mmoja. Baba akasema mama yake, yule tunayemwita Mama Mkubwa, anarudi tarehe kumi kutoka Ujerumani alikotibiwa goti. Daktari amemkataza kuzungukazunguka. Kwa hiyo atakaa hapa, atazame samaki. Bwawa litayarishwe, samaki wa kwanza waingie siku hiyo hiyo anayofika. Akauliza nani kati yetu anajua mambo ya samaki.

Mkono wangu ulipanda wenyewe. Haki ya Mungu, sikuuambia.

Nikasema kwetu Kisii, serikali ilipohimiza watu wachimbe mabwawa, mjomba wangu alichimba lake, na kazi yote niliifanya mimi. Ni kweli kwa kiasi chake. Nilibeba magunia ya samadi mara mbili. Siku ya kuvua nilikula samaki wanne.

Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akasema neno jingine. Desemba, mmoja wetu atakwenda likizo. Mimi au Kiprop. Mmoja tu, mwingine atangoja hadi Juni. Ataamua bwawa likishakamilika. Kiprop akatazama viatu vyake. Mimi nikatazama bwawa. Nilielewa pale pale: mwenye bwawa ndiye mwenye ndege.

Niandike ukweli, maana hii shajara ni yangu. Binti yangu Tiffany ana miaka miwili na miezi minne na sijamgusa hata siku moja. Nilipokuja Doha, mke wangu Kwamboka alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kwamboka anasema mtoto akiulizwa baba yuko wapi, anaonyesha simu juu ya meza. Mtoto wangu anaamini babake ni simu. Inaniuma sana. Lazima niende Desemba. Lazima!

Jumamosi, 2 Novemba

Kiprop ameanza fitina mapema.

Ugonjwa wa Kiprop ni kusoma. Jana jioni alikwenda duka la samaki sokoni, akarudi na karatasi, akaziandika zote tena kwenye kidaftari chake. Anasema saruji mpya ina chokaa inayounguza samaki. Eti bwawa lijazwe, likae siku nzima, limwagwe. Lijazwe tena, limwagwe tena. Mara tatu! Halafu dawa ya kuondoa klorini. Halafu pampu izunguke bila kuzimwa. Anaosha bwawa kama sufuria ya pilau.

Nilimweleza Baba kwa heshima kwamba samaki si vyombo. Baba akasema mafi mushkila, hakuna shida, Kiprop afanye lake, nami nifanye langu, tushirikiane. Tushirikiane! Fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse bwawa moja.

Kiprop ameshinda kutwa akimwaga maji na kupiga mluzi wa nyimbo za kanisa. Hajanisema vibaya hata mara moja. Huo ndio ujanja wake.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimempigia mjomba simu ili nihakikishe utaalamu wangu.

Mjomba hakusahau hata kitu kimoja. Maji safi, alisema, hayana chakula. Samaki akiingia kwenye maji safi ni kama mgeni aliyekaribishwa kwenye meza tupu. Tia samadi kwenye gunia, lizamishe pembeni, ngoja maji yawe ya kijani. Halafu kipimo: ingiza mkono hadi kiwiko. Ukiviona vidole vyako, bado. Mkono ukipotea, leta samaki. Nikaanza kumwambia hawa ni samaki wa kutazamwa, si wa kuliwa, simu ikakatika. Si kitu. Samaki ni samaki.

Mchana nilitumwa Umm Salal, kwenye shamba la Baba, kuchukua mayai na maziwa. Mbuzi wa Baba ni zaidi ya mia na samadi yao imejaa bila mtu wa kuithamini. Nilijaza magunia matano. Manne ya kazi, la tano dogo la akiba. Mtu mwenye akili huweka akiba.

Tatizo dogo. Pikapu iko kwa fundi. Nilikuwa na gari la Madam, mke wa Baba.

Jumanne, 5 Novemba

Siku ya taabu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Madam na watoto waliingia garini kwenda shule. Hatukufika hata kona ya msikiti. Madam akauliza ni nini kimekufa. Nikasema ni kiyoyozi, majira yanabadilika. Watoto wakajifunika nyuso kwa mifuko ya shule. Madam akateremsha vioo vyote vinne na akasafiri hivyo hivyo hadi shuleni, shungi likipepea nje.

Niliporudi nilimwomba dada Rael chetezo na makaa na kipande cha udi. Nikafukiza gari nusu saa, milango imefungwa. Sasa linanuka mbuzi anayekwenda harusini.

Amri ya Madam: nilioshe mara tatu. Nimeliosha mara tatu. Kiprop aliniletea brashi yake ya kusugulia vigae, akaiacha pale bila kuuliza chochote. Mtu asiyeuliza ana lake jambo.

Lakini mchana nilifanya kazi yangu. Hapa baada ya chakula nyumba nzima hulala, kuanzia Baba hadi paka. Kiprop alikuwa amejaza bwawa mara ya tatu na ya mwisho, akaenda kujilaza. Nikalitazama. Maji yalikuwa safi mpaka inatia aibu. Nilizamisha magunia mawili nyuma ya mawe, nikayafunga kwa kamba ya katani. Nikarudi chumbani nikalala kama mtu aliyelipa karo.

Jumatano, 6 Novemba

Kipimo cha kiwiko: vidole vyote vitano vinaonekana. Hata kovu la kidole gumba.

Baba ameondoka kwenda Ujerumani kumchukua mama yake. Akipita mlangoni aliniuliza bwawa linaendeleaje. Nikasema linakolea. Akaniambia vizuri. Ameniamini, maskini, na mimi sitamwangusha.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimegundua hujuma. Pampu ya Kiprop inachuja! Uhai wote ninaotia majini, pampu inaumeza na kuukwamisha kwenye sponji. Kiprop alikuwa akiikamua sponji asubuhi, akanusa, akakunja uso, akaandika kwenye kidaftari.

Nikachomoa plagi. Akaichomeka. Nikachomoa wakati wa chai. Akaichomeka akapiga mluzi. Nikachomoa wakati wa kulala mchana na papo hapo nikazamisha magunia mawili ya kazi yaliyobaki.

Nilipoinua kichwa, dada Rael alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na karai la vitunguu. Akaniuliza ninafua nini humo nikiwa kifua wazi. Nikasema ni mambo ya kitaalamu. Akasema akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila mimi nimenyoa. Dada Rael ni mwanamke mzuri lakini hana elimu ya majini.

Ijumaa, 8 Novemba

Kanisani leo walitoa nafasi ya ushuhuda. Sikupanga kusimama. Nilisimama.

Nikawaambia Mungu amenipa bwawa. Nikasema nilikuja nchi hii dereva, nami sasa ni msimamizi wa samaki. Nikasema Desemba, kwa uwezo wake, nitambeba binti yangu. Watu wakapiga makofi. Pamela, yule muuguzi, alilia. Benard, anayekaribisha watu mlangoni, akanifuata nje akauliza samaki watakua lini, na kama naweza kumwekea wawili wa kukaanga. Nikamwandika. Wengine kumi na mmoja wakafuata. Nimewaandika wote.

Sasa nimesema mbele ya madhabahu. Desemba hairudi nyuma.

Jumamosi, 9 Novemba

MKONO UMEPOTEA!

Asubuhi saa kumi na mbili. Niliingiza mkono hadi kiwiko na haukuonekana! Hata kifundo hakionekani! Maji ni ya kijani kama mboga iliyosagwa, mazito, yana uhai. Nilisimama pale peke yangu nikacheka kwa sauti. Mjomba angeniona!

Kiprop alikuja na ndoo yake. Aliweka ndoo chini. Akaweka na kidaftari chini. Akasema tuyamwage sasa hivi. Alihesabu kwa vidole: tukianza saa moja, tukaosha, tukajaza, tukatia dawa, kesho jioni samaki wanaweza kuingia bila kufa. Nikamwambia wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Akaenda kuchukua pampu ya kumwagia. Nikamtangulia, nikakata plagi yake kwa koleo, nikaitia mfukoni.

Hakunipigia kelele. Alisema taratibu: Joram, hunifanyii mimi hivi, unamfanyia mtoto wako.

Sikuelewa mtoto anaingiaje kwenye pampu. Watu wa kusoma wana maneno mengi.

Jioni dada Rael alifunga madirisha ya jikoni, akasema kunanuka boma. Nikamwambia hiyo ndiyo harufu ya maendeleo.

Jumapili, 10 Novemba

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani.

Walifika saa tisa alasiri. Mama Mkubwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umenyooshwa, uso umenuna. Baba kwenye kanzu nyeupe, imepigwa pasi hadi ina makali. Madam, watoto, shangazi wawili, majirani. Wote wakaja nyuma ya nyumba kuona zawadi. Mimi nilivaa shati langu la kanisani.

Mtu wa duka alikuwa amefika na samaki wanane kwenye mifuko ya maji. Wa rangi ya machungwa na weupe, wazuri, wamenona. Alitazama maji. Akairudisha mifuko garini, akauliza bwawa liko wapi.

Baba akanigeukia. Nikaona hapa ndipo utaalamu unatakiwa. Nikaeleza kwa Kiarabu changu cha barabarani na kwa mikono: haya si machafu, ni tayari. Kipimo ni kiwiko. Nikamwomba Baba aingize mkono ajionee.

Baba ni mtu anayeheshimu kazi ya mtu. Alipiga goti moja, akaingiza mkono pamoja na kanzu yake, hadi kiwiko. Nikamuuliza anaviona vidole vyake? Akasema havioni. Nikasema mabruk, hongera!

Akautoa mkono. Kanzu ilikuwa ya kijani hadi kwenye kiwiko. Kwenye saa yake ya mkononi palikuwa na vidonge vitatu vya mbuzi, vimejipanga vizuri. Akauliza, shinu hada, hiki ni nini? Nikasema ni chakula.

Sijui kamba ya katani ilikatikaje. Pengine mkono wa Baba uliigusa. Gunia moja likapanda juu, likaibuka katikati ya bwawa, likajigeuza polepole mbele ya wageni. Upepo ukavuma kidogo. Hapo Madam alinyoosha kidole. Akaonyesha gunia. Akaonyesha gari lake. Akanionyesha mimi.

Mama Mkubwa alicheka. Alicheka hadi shangazi wakamshika asianguke kitini. Dada Rael anasema alikuwa akisema kitu kuhusu kisima cha baba yake alipokuwa msichana, na mbuzi aliyetumbukia. Lakini Baba hakucheka. Alisema khalas, imekwisha. Samaki warudi dukani. Nami tutaongea kesho.

Sijala. Dada Rael ameniletea wali mlangoni na umepoa. Nimekaa nikiwaza. Nilitaka kwenda nyumbani, Mungu anajua, lakini si hivi. Kuna kwenda likizo na kuna kurudishwa. Anayerudishwa anashuka ndege kimya, anafika kijijini usiku ili asionekane. Nitamwambia nini Kwamboka? Na yule mtoto anayeitazama simu?

Naogopa. Nimeandika. Naogopa.

Jumatatu, 11 Novemba

Hukumu imetoka. Sijafukuzwa!

Nitalimwaga bwawa mwenyewe, kwa ndoo, bila pampu. (Pampu haina plagi kwa vyovyote.) Kila kigae nikisugue. Kuhusu likizo Baba hakusema neno, na mimi sikuthubutu kuuliza. Alisema tu kwamba tangu leo bwawa ni la Kiprop, na nisilisogelee isipokuwa na ndoo.

Nimebeba ndoo mia moja na kumi na sita. Halafu nikaacha kuhesabu.

Wakati wa kulala mchana nilisikia hatua. Kiprop, na ndoo ya pili. Hakuna aliyemtuma. Alichota, akamwaga kwenye mashina ya mitende na kwenye nyasi zake, akarudi kuchota. Akaniambia mitende itapenda maji haya. Nikaelewa mara moja. Anaiba mbolea yangu! Niliitoa Umm Salal kwa jasho langu, naye anaipeleka kwenye nyasi zake ili asifiwe.

Lakini mgongo uliniuma, sikumfukuza.

Jumatano, 13 Novemba

Bwawa tupu. Nimesugua vigae hadi ninauona uso wangu. Si uso wa mtu mwenye furaha.

Nilipiga simu nyumbani. Tiffany alipewa simu, akapumua ndani yake, akaibusu, akaenda kuiweka kitandani na kuifunika shuka. Kwamboka alicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikasema mtandao ni mbaya, nikakata.

Jumatatu, 18 Novemba

Samaki wa kwanza wameingia leo. Bila mimi.

Kiprop alikuwa amejaza bwawa, ametia dawa zake, ameacha pampu izunguke siku nne. Maji kama kioo. Mtu wa duka alikuja, akatazama, akamshika Kiprop mkono. Kiprop hakuwamwaga samaki papo hapo. Aliiweka mifuko juu ya maji, ikaelea, akakaa kando yake robo saa, eti wazoee joto la maji mapya. Mama Mkubwa alikuwa kitini, mimi nimemshikia mwavuli. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Mwavuli.

Kisha akafungua mfuko mmoja. Samaki alitoka akasimama pale pale, kama mgeni mlangoni ambaye hajaambiwa karibu. Akatikisa mkia mara moja. Akaenda.

Mama Mkubwa alipiga makofi. Baba alitabasamu. Mimi nilishikwa na wivu, sitaficha. Yule samaki alikuwa wangu. Desemba ilikuwa yangu. Niliviona vyote viwili vikiogelea kwenda upande wa Kiprop.

Jumanne, 19 Novemba

Habari kubwa. Niandike pole pole.

Baada ya swala ya alasiri, Baba alimwita Kiprop majilisi, chumba chake cha wageni. Dada Rael alikuwa anapeleka kahawa, na dada Rael hapeleki kahawa bila masikio. Baba alimwambia Kiprop kazi yake imempendeza, na Desemba ni yake. Kiprop akashukuru. Halafu akasema aende Joram. Akasema Joram ana mtoto ambaye hajawahi kumbeba. Yeye hana mtoto, ana mama yake na ng'ombe wawili, na wote watakuwapo hadi Juni.

Baba akasema sawa. Akaongeza kwamba hata kwa samaki ni afadhali, huyo mwingine akiwa mbali mwezi mzima.

Naenda! NAENDA! Tarehe kumi na nne Desemba!

Dada Rael alinisimulia huku akifuta macho kwa aproni. Nilimhurumia. Hawezi kuona kitu kilicho chini ya kitu. Nikamwambia afikiri. Kiprop angeondoka, bwawa lingebaki na nani? Na mtaalamu. Mwezi mzima! Angerudi Januari akute hana kazi. Amenitoa njiani. Hofu hiyo, si wema. Dada Rael alinitazama, akachukua trei yake, akaenda.

Jioni nilikwenda chumbani kwa Kiprop kumjulisha kwamba nimemng'amua. Alikuwa anapiga pasi. Kabla sijafungua mdomo aliniuliza mtoto wa miaka miwili na miezi minne anavaa kiatu namba ngapi.

Sikujua.

Nilisimama pale. Nilijaribu kukisia kwa viganja, hivi, au hivi. Sijui mguu wa mwanangu una ukubwa gani. Nilirudi chumbani kwangu nikakaa juu ya kitanda. Yale niliyotaka kumwambia sikumwambia. Nitamwambia siku nyingine.

Jumamosi, 14 Desemba

Uwanja wa ndege. Saa kumi na moja jioni. Nimeshapita ukaguzi, begi limeshaondoka, nimekaa karibu na mlango wangu nisije nikaachwa.

Kwamboka amepiga kwa simu ya jirani. Tangu jana mtoto anaambiwa baba anakuja. Asubuhi ameichukua simu, ameisimamisha mlangoni ikitazama njia, akakaa kando yake kungoja. Kwamboka anasema amekataa kuingia kunywa uji. Nikamwambia amwache tu akae, nakuja. Mama mmoja hapa jirani amenipa karatasi ya kujifuta uso bila kuniuliza kitu.

Kwenye mkoba wangu wa mkononi kuna viatu vya waridi vyenye taa kisiginoni. Vya Kiprop. Alimtuma dada Rael ampigie Kwamboka kuuliza namba. Leo saa tisa alinibebea begi hadi kwenye teksi, akanifungia mlango, akaniambia nimsalimie mtoto. Sasa nimewaza njia nzima kutoka nyumbani kwa Baba, Al Rayyan. Nimekubali: huenda kweli Kiprop ni mtu mwema. Huenda si hofu tupu. Wema hauozi, kwetu wanasema, na mtu mwenye adabu hapokei tu, hurudisha.

Na mimi nimesharudisha.

Jana niliwatazama wale samaki kwa makini. Wamekonda! Maji ni meupe, hayana chochote, wanazungukazunguka wakitafuta tonge. Kiprop amejitahidi lakini hana mjomba. Basi leo baada ya chakula, nyumba nzima imelala, na Kiprop mwenyewe anakoroma, nilichukua lile gunia la tano, dogo, la akiba, nililolificha nyuma ya matairi ya gereji. Nimelizamisha nyuma ya mawe. Safari hii nimefunga kwa waya.

Sikumwambia. Zawadi haitangazwi.

Wanaita ndege yangu. Kwa hesabu zangu maji yatakolea kufikia Alhamisi. Natamani ningekuwapo nimwone Kiprop anavyofurahi.